Eda Iliyokwisha Jumanne

Ndugu zangu, na nyinyi kina mama nyuma ya pazia, nipeni masikio. Palikuwa na mama mmoja, mke wa fundi wa reli mstaafu. Hawakujaaliwa mtoto. Siku moja mume, kwa ugomvi wa chumvi kwenye mchuzi, akampa talaka moja. Mama akakaa eda mle mle ndani, chumba cha uani, akitumaini bwana atapoa amrejee. Wapi! Bwana akanuna mpaka mauti yakamkuta.

Hata matanga hayajaondolewa, kaka wa marehemu wakamjia. "Shemeji, wewe ulishaachwa. Pensheni ya mjane haikuhusu." Ofisi ya pensheni nayo ikasema, tuleteeni neno la kadhi: siku ile ya mauti alikuwa mke, au hakuwa? Maana sheria yetu mnaijua. Talaka ni moja, eda haijaisha, mume akifa, huyo bado mkewe. Eda ikishakwisha, basi tena.

Na kwamba eda imekwisha, nani anajua? Ni mwanamke mwenyewe, anayeihesabu kwa twahara zake! Neno lake ndilo linalochukuliwa.

Mlangoni kwa kadhi, shangazi yake akamvuta ushungi. "Mwanangu, sema ilikuwa bado. Nani atakuja kukukagua?"

Na tusidanganyane, mama alitaka kusema hivyo. Pale kwa mumewe anatolewa, kwao hana wa kumtunza, na ile hela ya kila mwezi ndiyo ingemlisha mpaka uzeeni. Isitoshe alimpenda yule mzee. Alitamani aitwe mjane wake, si mtalaka wake.

Ndani, kaka mkubwa wa marehemu akawahi. "Sheikh, talaka zilikuwa tatu, hakuwa mke tena tangu siku ile. Tuko tayari kuapa." Mwongo mkavu!

Kadhi akamgeukia mama. "Wewe unasemaje?"

"Ilikuwa moja, sheikh, wallahi. Lakini eda yangu ilikwisha Jumanne. Yeye kafariki Alhamisi."

"Unajua kwamba kwa neno hilo unaikosa pensheni?"

"Najua, sheikh." Akajifunika uso kwa ushungi, akalia kwa sauti.

Sasa naona mnangoja. Mnangoja niwaambie kaka wale walitubu, ofisi ikamhurumia, riziki ikamfungukia. Hapana, ndugu zangu. Hakupata hata senti. Alipanga chumba, akauza vitumbua, ndiyo maisha yake.

Basi sisi je? Sisi tunaoapa kwa jina la Mola juu ya fungu la nyanya! Sisi wanaume tunaotupa talaka kwa hasira ya mchana mmoja, halafu tunakufa tukiwa tumenuna, tukamwachia mwanamke mtihani mzito namna ile! Mwenyezi Mungu atusamehe, maana tumezoea. Na wewe uliyekaa hapo, unayetikisa kichwa kumhurumia: siku utakayoulizwa jambo ambalo hakuna wa kukukagua, na njaa iko mlangoni, utasema nini? Usinijibu mimi. Nenda nalo nyumbani.