Kwa Nini Watu wa Mkomboi Huitwa Wala-Moshi

Zamani hizo, kabla mtu yeyote hajawaita Wala-Moshi, watu wa milima ya Mkomboi walijulikana kwa jina la milima yao tu. Walilima mahindi na maharage kwenye miteremko. Chini yao, tambarare, alitawala Sengondo, mwenye ng'ombe wengi na vijana wa mikuki. Sengondo aliitamani milima ile kwa ajili ya chemchemi zake, lakini kila alipojaribu kuipanda, wenyewe walimporomoshea mawe.

Ikaja njaa. Mvua ilikataa kabisa, mahindi yakanyauka kabla ya kubeba, na wanaume wa Mkomboi wakaishiwa nguvu hata za kuinua jembe, sembuse kusukuma mawe. Sengondo alipopata habari hizo hakuwa na haraka. Aliwaamuru vijana wake wautazame mlima kila jioni, na jioni watakayoona majiko hayafuki, wapande.

Nakiete, mjane mwenye watoto wawili wadogo, aliyasikia hayo alipokuwa akiokota kuni bondeni, wachungaji wa Sengondo wakijisifu ng'ambo ya kijito. Akaacha kuni palepale, akapanda mlima akihema hadi kwa wazee.

"Jioni hii kila nyumba iwashe moto," aliwaambia. "Tuweke majani mabichi juu, moshi uwe mzito."

"Tupike nini, mwanangu?" akauliza mzee Mbonea.

"Hatupiki kitu, baba. Tunafukiza tu, waone kwamba tunakula."

Walitazamana, lakini hawakuwa na shauri jingine. Basi jioni ile, na jioni zilizofuata, moshi ulitanda Mkomboi yote. Watoto waliona moto wakakaa kando ya mafiga kusubiri chakula, mpaka usingizi ukawachukua. Hilo lilimuumiza Nakiete kuliko njaa yenyewe.

Sengondo akaingiwa na shaka. Akamtuma Kiondo, mtu wake wa kuaminiwa, akapeleleze akijifanya anatafuta ndama aliyepotea. Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa ya Nakiete.

"Karibu, kaka, keti upumzike," Nakiete alimwambia. Akaingia ndani, akashika kibuyu cha maharage ya mbegu. Hakuwa na mengine. Akayamimina yote chunguni.

Maharage yalipoiva, Kiondo akatengewa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula, mtoto mdogo akasogea.

"Mama, na sisi je?"

"Nyinyi si mmeshakula? Mwacheni mgeni ale."

Kiondo alimtazama yule mtoto, akaziona mbavu zake. Akalisukuma bakuli. "Nimeshiba, dada yangu. Wape hawa wamalizie." Akaaga, wala hakuuliza habari za ndama.

Alipofika kwa bwana wake alisema, "Wanapika mpaka wanasaza." Sengondo akakata tamaa, akawaondoa vijana wake. Mvua ziliporudi, kila nyumba ya Mkomboi ilimpelekea Nakiete konzi ya mbegu, akapanda kama wenzake.

Siri ilikuja kuvuja baada ya miaka, na watu wa tambarare wakacheka sana. "Kumbe walikuwa wanakula moshi!" Jina likashika. Na tangu wakati huo mpaka leo, ubishi haujaisha. Wa tambarare husema ni jina la kejeli, na kwamba kilichouokoa mlima ni huruma ya Kiondo. Wa mlimani hujiita Wala-Moshi wenyewe, vifua mbele, na husema ni moshi wa Nakiete.

Nakiete aliulizwa hayo uzeeni. Alisema hajui, anachokumbuka yeye ni sauti ya wanawe, siku ile Kiondo alipotoka, wakikwangua chungu.