Kijiwe cha Bibi Nanzia

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Mzee Kilavo alifariki siku ya tatu ya mwezi wa kupanda, asubuhi, kabla ya uji. Ni zamani sana. Babu yangu naye alihadithiwa tu.

Kilavo alikuwa mshika kifimbo wa baraza. Kijiji kilikuwa na nyumba kumi na nne: saba za Juu, kilimani, na saba za Chini, bondeni. Kila nyumba ilituma mtu mmoja barazani, nao waliketi kando ya bwawa. Mshika kifimbo kazi yake ilikuwa kugonga jiwe. Ko! Huyu aseme. Ko! Huyu anyamaze. Ko! Ko! Pigeni kura.

Kila nyumba ilikuwa na kijiwe chake cha kura. Wanaotaka hili walikitia katika kikapu cha kulia, wanaotaka lile katika kikapu cha kushoto. Mshika kifimbo akahesabu, akatangaza.

Kilavo alikuwa mtu wa Juu, na alishika kifimbo miaka arobaini. Miaka yote hiyo, Juu na Chini walipovutana, hesabu ilikuwa ileile: Chini saba, Juu sita. Watu wa Juu wakadhani wana nuksi. Wakachinja beberu kuiondoa. Hesabu ikarudi: saba kwa sita. Hakuna aliyejumlisha.

Basi Kilavo akafa, mwanawe akaketi mahali pake na kijiwe kipya mkononi. Bila mshika kifimbo, baraza halikati neno. Baraza lisipokata neno, bwawa halifunguliwi. Na mbegu zilikuwa zimeshaingia ardhini.

Juu wakamtaka Senzighe, mtu wa sauti kubwa. Chini wakamtaka Kajiru, mtu wa pombe ya bure. Kura zikapigwa: saba kwa saba. Kesho yake: saba kwa saba. Senzighe akapita nyumba kwa nyumba akisema Kajiru akilewa atagonga goti lake badala ya jiwe. Kajiru akapita nyuma yake akiuliza mtu asiyeweza kunyamaza atamnyamazisha nani. Siku ya tatu, saba kwa saba. Ya nne na ya tano, saba kwa saba.

Jua wa-wa-wa. Bwawa limejaa pomoni. Mfereji mkavu kau!

Mkubwa kuliko wote barazani alikuwa Bibi Nanzia, mjane wa Chini, aliyeketi kwa niaba ya nyumba ya marehemu mumewe. Shamba lake lilikuwa la mwisho kwenye mfereji. Alikuwa amepanda maharage, na nyumbani hakubakiza mbegu nyingine. Maharage yale yakifa, mwaka umekufa.

Siku ya sita akaomba kusema. Hapakuwa na wa kumruhusu, akajiruhusu.

"Wanangu, Kilavo alipochaguliwa mimi nilikuwa bibi harusi, nimekuja hapa kuteka maji. Nilimwona akikitupa kijiwe chake bwawani."

"Kwa nini?" Kajiru akauliza.

"Anayehesabu hapigi kura. Ndilo sharti la kifimbo."

Watu wa Juu wakakunja vidole, wakahesabu, wakahesabu tena. Senzighe akasimama.

"Kwa hiyo hatukuwa na nuksi?"

"Hamkuwa nayo."

"Na yule beberu?"

"Tulimla sote, mwanangu. Alikuwa mnono."

Hapo maneno yakageuka. Senzighe akakohoa, akasema amefikiri sana na kwa kweli Kajiru ana busara kuliko yeye. Kajiru akasema la, sauti kama ya Senzighe iliumbiwa kifimbo. Chukua wewe, ndugu yangu. Hapana, wewe, mkubwa wangu. Siku nzima ikawa adabu tupu, na bwawa limefungwa.

Siku ya saba Bibi Nanzia akaja na kijiwe chake kiganjani, akaenda moja kwa moja ukingoni. Kajiru akamkimbilia.

"Bibi, usitufanyie hivyo. Ukikitupa, Chini tunabaki sita. Juu watatushinda kila siku."

"Nimekaa na kijiwe hiki miaka ishirini," akasema. "Hakijanywesha hata mche mmoja wa maharage."

Chubwi!

Kisha akawauliza kama wanamtaka. Watu wa Juu wakatia vijiwe vyao mbio mbio. Watu wa Chini wakatia mmoja mmoja, wakinung'unika, maana mashamba yao nayo yalikuwa yanakauka. Kajiru alikuwa wa mwisho. Vijiwe kumi na tatu kati ya kumi na tatu.

Ko! Neno la kwanza: nani aanze kumwagilia? Jirani zake wa Chini wakapiga kelele, na hao ndio aliowanyamazisha kwanza. Ko! Ko! Kura: Juu saba, Chini sita. Akatangaza kwa sauti ileile aliyosalimia nayo. Juu wachukue siku tatu, kisha Chini, kila shamba kwa mpangilio wake. La kwake la mwisho. Watu wa Juu wakacheza ngoma.

Asubuhi ya siku ya nne Senzighe alikutwa ameketi juu ya mlango wa bwawa. Aliomba siku moja tu ya nyongeza, fidia ya miaka arobaini na beberu. Bibi Nanzia akagonga jiwe. Ko!

"Senzighe. Nilipotangaza mmeshinda, sauti yangu ilitetemeka?"

"Haikutetemeka, Bibi."

"Basi inuka."

Hakuinuka. Watu wa Juu wenyewe wakamshika kwapa, huku na huku, wakamweka pembeni.

Tangu siku hiyo, atakaye kifimbo kijijini kwetu huulizwa kwanza kijiwe chake kiko wapi. Funzo lake ni hilo: anayetaka kugawa zamu za watu, aanze kwa kuacha ya kwake.

Maji yalifika shambani kwa Bibi Nanzia siku ya tano ya kumwagilia, kabla ya adhuhuri. Mistari miwili ya maharage ilikuwa imenyauka, mingine ilisimama. Na hadithi yangu imefika mwisho wa mfereji.