Jumba Lisilo na Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Ziwani kuna nini?

Kuna samaki, kuna mawe, kuna mwenyewe!

Ehe, huyo mwenyewe ndiye wa leo. Na wewe unayemfinya mwenzako, nakuona.

Hapo kale palikuwa na Mtemi Gwisu, kijana mwenye moyo mzuri na kichwa kigumu. Alimpenda Kabula. Naye Kabula alimpenda, alimpenda, alimpenda hasa! Lakini mama yake Kabula akasema, "Mwanangu haolewi kibandani. Mtama ukiisha kuvunwa na jumba halijasimama, nampeleka kwa mchumba wa ng'ambo."

Basi Gwisu akajenga kando ya ziwa. Mlango ukatazama kijiji, na jiko likawa nyuma, upande wa maji. Kuta zikapanda. Mchana, mafundi wakila ugali, ziwa likatibuka, sauti ikanguruma:

"Nani huyo, nani huyo..."

Uwii! Wote mbio. Nyuma yao, puu! Kuta chini.

Wakajenga tena kwa magogo mazito. Mchana, sauti ile ile:

"Nani huyo, nani huyo..."

Wote mbio. Puu! Kuta chini.

Mtama ulikuwa umeanza kuvunwa. Kabula akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akajipangusa, akasema, "Mnaukimbia wimbo ambao hamjausikia mwisho wake. Mkijenga tena, mimi sikimbii."

Wakajenga mara ya tatu. Kabula akakaa juu ya ukuta. Maji yakapasuka, likatoka Zimwi lenye jicho moja, majani ya ziwa kichwani, likiimba:

"Nani huyo, nani huyo, anayenipa mgongo?
Nani huyo, nani huyo, anayenimwagia makombo?"

"Shikamoo, babu," akasema Kabula.

Zimwi likakwama na mkono juu. "Ma... marahaba. Mbona hukimbii? Nitakumeza!"

"Ukinimeza, nani atakujibu wimbo wako?"

Zimwi likaketi mchangani, likaanza kulalama. "Nilikuwa hapa kabla ya babu wa babu zenu. Mmekuja, hodi hamkupiga. Mgongo mmenipa. Na maji ya vyombo mnanimwagia usoni! Tazama!"

Kabula akatazama. Kweli, mwiba wa samaki ulikuwa umenasa kwenye nyusi. Akaona aibu. Akautoa polepole, akasema, "Tuwie radhi, babu. Tutajenga upya."

Gwisu aliposikia akang'aka. "Nigeuze mlango? Kijiji nacho nikipe mgongo?"

"Usimpe mtu mgongo," akasema Kabula, akichora mchangani. "Mlango huku, mlango kule. Baraza izunguke pande zote. Jiko liwe katikati, uani, na maji ya vyombo yanyweshee migomba."

"Tangu lini nyumba ikakosa mgongo?"

"Tangu leo. Au nifunge mizigo niende ng'ambo?"

Gwisu akawageukia mafundi. "Jengeni kama alivyosema."

Safari hii Zimwi lenyewe likabeba mawe ya ziwani, jiwe juu ya jiwe, likiimba, mafundi wakiitikia. Kabla suke la mwisho halijakatwa, jumba likasimama!

Siku ya harusi, mama mkwe akazunguka baraza kulikagua jumba. Upande wa ziwa akakuta mgeni mwenye jicho moja. Akashika nguzo.

"Karibu, mama," likasema Zimwi, likimsogezea kiti. "Kibanda chetu kimekuridhisha?"

"Ki... kimeniridhisha, baba!"

Walicheka, jamani! Wakala, wakacheza mpaka vumbi likatanda. Zimwi liliposhiba likaaga. Likaondoka kinyumenyume, likipunga mkono, likijikwaa kwenye mawe, kinyumenyume hadi maji yakalifunika jicho. Halikutaka kuwapa wenyeji mgongo.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye baraza ya upande wa maji. Ukihamia mahali, piga hodi kwanza, na jirani usimpe mgongo. Haya, anayekwenda kumwaga maji ya vyombo, atazame anamwaga wapi!