Nafasi ya Mwisho Mtaa wa Chumvini

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana lami ilishakuwapo, palikuwa na mtaa mwembamba ukiitwa Chumvini, katika mji wa watu wapendao baiskeli. Wenye magari wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Ukiondoka na gari, unaacha kitu mahali pako: jiwe, kigoda, tairi bovu. Kila mtu alijua kigoda cha nani na jiwe la nani, na hakuna aliyegusa cha mwenzake.

Akaja mhandisi kuupima mtaa ili utengenezwe. Akaja Ijumaa saa saba mchana, magari yote yako msikitini na wenyewe. Akaona mawe, akaona vigoda, akaona matairi. Gari hakuona hata moja. Akaandika: "Hapa hapaegeshwi." Akachora njia ya baiskeli, njia ya miguu na kituo cha basi. Nafasi ya gari, hakuna. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Ramani ilipobandikwa, mtaa ukawaka. Watu wakaapa mawe hayatoki. Lakini watoto wao walikoswakoswa na magari kila siku, na hilo nalo walilijua.

Wa kwanza kulegea alikuwa Hizza, dereva wa teksi. Mama yake, Bi Mwanjaa, hakuweza kutembea, na kila Jumatano alimpeleka zahanati. Mwenye haja ya gari mlangoni kuliko wote ni yeye. Akaliinua jiwe lake, akalitupa. Wenzake wakaona haya, wakaondoa yao.

Wa pili Bi Saumu, mpishi wa harusi. Baraza ya nyumba yake, aliyoijenga marehemu mumewe, iliziba njia ya miguu. Akalia siku nzima. Kesho yake akamwita fundi, akamwambia, "Kata."

Wa tatu Mzee Shekigenda, fundi baiskeli, ambaye gari hana wala hajapata kuwa nalo. Alishika kamba akapima mtaa mzima, mara moja, mara mbili, mara tatu, akamwita mhandisi. "Mwanangu, hapa kwenye mfereji mtaa unapanuka, nawe hukupaona. Panatosha gari moja."

Mhandisi akapima, akacheka kwa haya. "Basi hapo ni penu. Chagueni mmoja, niandike jina lake."

Mtaa ukatengenezwa, ukapendeza, mimi mwenyewe nilifurahi kuuona. Baiskeli na njia yake, waendao kwa miguu na njia yao, basi na kituo chake. Ikabaki nafasi ile moja.

Hizza akasema: "Jamani, mlangoni kwangu sasa ni njia ya baiskeli. Mama namshusha kule kona, namleta mgongoni. Nisingeanza mimi, nani angeanza? Nipeni."

Bi Saumu akasema: "Pole baba, lakini masufuria yangu ya pilau hayabebeki mgongoni. Tena jiwe utaokota jingine. Baraza ya marehemu hairudi. Nipeni."

Mzee Shekigenda akasema: "Wanangu, bila kamba yangu mngegombania nini? Gari sina. Nataka nitie vyuma vya kufungia baiskeli. Penye gari moja hukaa baiskeli kumi. Nipeni."

Wakashindwana. Wakamwendea Bi Mwanjaa, naye akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Mimi msinitie katika mashauri yenu. Nikipita mgongoni kwa mwanangu, mtaa mzima unaniamkia. Nilipokuwa ndani ya gari, nani aliniona? Nimefurahi." Kisha akapunguza sauti. "Ila mgongo unamuuma. Hasemi, lakini nasikia anavyohema."

Hizza akainamisha kichwa. Bi Saumu akafuta macho. Mzee Shekigenda akaikunja kamba yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nichukueni," akasema Bi Mwanjaa, "na kigoda changu."

Wakambeba wote watatu, wakamketisha pale penye nafasi. Akaagiza kahawa. "Nawashikia mahali," akasema, "kwa desturi yetu. Mkipatana, niambieni, niondoke."

Basi yuko pale, anaamkiwa, anaitikia. Mhandisi amesimama kando yake, brashi ya rangi mkononi. Nanyi mlioketi hapa mnanitazama, semeni kabla rangi haijakauka: liandikwe jina la nani? La aliyetupa jiwe, la aliyekata baraza, au la aliyepima kwa kamba?