Kwa Nini Wafinyanzi wa Ndorwe Hawachomi Vyungu Peke Yao

"Yarudishe macho yako kwako, wifi! Vyungu vinne vimepasuka, na wewe ndiye uliyesimama hapo uani!"

"Mimi nilikuja kuazima jembe," Namkunda alijibu. "Tena macho yangu yangekuwa na nguvu hiyo, ningeanza na jogoo wako anayenifukulia mbegu."

"Nenda!" Nakijwa alifoka.

"Naenda. Na jembe lako baki nalo, ulimie vigae."

Hivyo ndivyo walivyoishi wafinyanzi wa Ndorwe, juu kabisa kwenye milima ya Upare, zamani, kabla hapajawa na chama wala tanuri. Kila mwanamke alichimba udongo wake na kufinyanga peke yake. Siku ya kuchoma, aliuziba ua kwa majani ya migomba ili mtu asiuone moto. Waliamini kwamba jicho la mwingine likiangukia moto, chungu hupasuka. Na kwa kuwa vyungu vilipasuka kila mara, hakukosekana wa kulaumiwa.

Nakijwa aliamini hivyo kuliko wote. Ua wake ulikuwa ukingoni mwa mteremko, mahali upepo wa tambarare ulipopandia. Kuni kavu alikuwa nazo tele darini, lakini kila alipochoma, vyungu viwili vitatu vililia "paa!" ndani ya moto. Namkunda, dada wa mumewe, alichomea ndani ya kibanda cha mawe alichoachiwa na baba yake mhunzi. Vyake havikupasuka, ila vilivuja. Sokoni watu waliwacheka wote wawili: ukitaka chungu cha siku moja, nenda kwa Nakijwa, ukitaka cha kumwagilia bustani, nenda kwa Namkunda.

Mwaka ule mahindi yaliisha mapema. Watu wa tambarare wangepanda mlima kuja sokoni Jumamosi, na desturi ilikuwa chungu kibadilishwe kwa mahindi yanayokijaza. Nakijwa alikuwa na vyungu kumi na viwili ambavyo havijachomwa, vimekauka vizuri. Chakula cha wanawe na mbegu za kupanda vingetoka humo. Udongo mwingine asingeupata, maana mvua zikianza shimo la udongo hujaa maji hadi kiangazi.

Alhamisi mvua ikaanza.

Nakijwa alisimama mlangoni akiutazama ua wake ukigeuka tope. Kuni anazo, pa kuchomea hana. Akakumbuka kibanda cha mawe. Akakumbuka pia kuni za Namkunda, ambazo siku zote zilirundikwa nje na sasa bila shaka zilikuwa zimelowa chepechepe. Halafu akayakumbuka maneno yake mwenyewe, akarudi kuketi. Alikaa hivyo hadi mchana. Mwishowe aligonga chungu kimoja kwa kidole, akakisikiliza kikiitika, akainuka. Alijitwika mzigo wa kuni, akaufunika kwa mkeka.

"Hodi, wifi. Nimeleta kuni."

Namkunda alitokea mlangoni, machozi yanamtiririka kwa moshi wa kuni mbichi.

"Leo huyaogopi macho yangu?"

"Nayaogopa," Nakijwa alisema. "Lakini Jumamosi naiogopa zaidi."

Namkunda alimtazama wifi yake aliyelowa, maji yakimdondoka hadi miguuni. Kisha akacheka.

"Haya. Kuni weka chini. Macho ingia nayo."

Kesho yake asubuhi wakavihamisha vyungu kumi na viwili vya Nakijwa chini ya mkeka, wakavipanga pamoja na tisa vya Namkunda, wakawasha. Namkunda alichochea. Moshi ukamjaa usoni kama siku zote, akafumba macho. Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa kwa nini vyungu vya wifi yake huvuja: anayechochea haoni, hivyo huacha moto kabla vyungu havijaiva. Akazunguka upande wa dirisha, akachungulia.

"Tayari?" Namkunda aliuliza.

"Bado. Ni vyeusi."

"Na sasa?"

"Chochea, wifi, chochea! Vinaanza... Acha! Vimekuwa vyekundu kama buni mbivu!"

Vilipopoa wakavigonga kimoja kimoja. Hakuna kilichopasuka. Wakatia maji. Hakuna kilichovuja.

"Kumbe ulikuwa upepo," Nakijwa alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, wifi."

"Na mimi kumbe ulikuwa moshi. Yamekwisha. Ila jogoo wako bado nina kesi naye."

Jumamosi vyungu vyote ishirini na kimoja vikajazwa mahindi.

Na tangu mvua ile, hakuna mfinyanzi wa Ndorwe anayechoma peke yake. Msimu uliofuata walikuwa watano. Kibanda kilipowabana, walifyatua matofali, wakajenga tanuri ubavuni mwake, na chama chao wakakiita Jicho la Pili. Leo kina wanawake thelathini na mmoja na wanaume wawili. Mmoja akichochea, mwingine hutazama. Chungu kikipasuka, hukaguliwa udongo na upepo, halaumiwi mtu. Anayetaka kujiunga haandiki barua. Hufika na mzigo wa kuni kichwani, iwe jua iwe mvua, akapiga hodi kwenye kibanda kilekile cha mawe. Na aliye mkubwa kuliko wote mle ndani huja mlangoni, akamtazama, akasema:

"Kuni weka chini. Macho ingia nayo."