Rimoti Imekataa

Nasikia funguo zinagongana huko kwenye mabenchi ya nyuma, kwa hiyo najua wenye magari mpo. Ninyi mliokuja kwa miguu msilale, mfano huu ni wenu pia.

Alikuwepo mama mmoja, mjane, katika mji wa baridi huko milimani. Mume wake alifariki akamwachia nyumba, mama mkwe mzee, na gari. Gari lenyewe la kawaida tu, haya yanayokuja yameshatumiwa na wenzetu, ila lilikuwa la rimoti. Unabonyeza, taa zinamulika, linalia pii-pii, milango inafunguka. Enzi za uhai wake yule baba, ile pii-pii ya jioni ndiyo iliyowaambia waliomo ndani kwamba mwenye nyumba karudi, chakula kiandaliwe.

Alipokufa, mjane aliliegesha gari uani, akasema hakuna mtu atakayelipanda. Koti la mumewe liliachwa limetundikwa pale pale nyuma ya kiti cha dereva, maana mama huyu hakutaka harufu ya mume wake ipotee. Lakini kila jioni akishamaliza kupika, alikuwa anatoka hadi mlangoni na ile rimoti, anabonyeza. Pii-pii. Anasimama kidogo, anabonyeza tena kufunga, anarudi ndani anajifuta machozi. Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Aliyezika anajua kwamba hata soksi ya marehemu inaweza kukukalisha chini ukalia.

Sasa, ndani ya nyumba ile alikuwemo bibi, mama mkwe. Na ninyi mmeshamsahau, kama yule mjane alivyomsahau, kwamba bibi naye alikuwa amefiwa. Huyu kapoteza mume, yule kapoteza mtoto wa tumbo lake. Ile pii-pii ya kila jioni bibi alikuwa anaisikia kutoka kitandani kwake. Macho yake hayaoni vizuri, moyo unamruka, halafu anakumbuka. Siku moja akamwita mkamwana wake.

"Mwanangu, nina ombi. Nishike mkono unipeleke kwenye lile gari. Nikae kidogo tu kwenye kiti chake, halafu nitatoka."

"Ngoja kwanza, Mama. Siku nyingine."

"Haya, nangoja."

Mvua za masika zilipokwisha akaomba tena, akaambiwa angoje. Na nisikilizeni vizuri, mjane huyu hakuwa mtu mbaya. Alimpikia bibi uji, alimfulia, alimchemshia maji ya kuoga kila siku ya Mungu. Alimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichoombwa.

Ikafika asubuhi bibi akaamka kifua kimembana. Anavuta pumzi, haifiki. Mjane akamfunga kitenge, akamtoa akamkalisha kwenye benchi barazani, akakimbilia rimoti. Kuendesha alikuwa anajua, mumewe alimfundisha mwenyewe. Akasema leo nalitoa, potelea mbali, huyu ni mama yangu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu, akaigonga gonga kwenye kiganja, akaipuliza, akaisogeza karibu na kioo cha gari. Kimya.

"Imekataa?" bibi akauliza pale barazani.

"Rimoti imekataa, Mama. Ngoja kidogo."

"Nangoja."

Akamwita jirani, rafiki wa marehemu. Jirani akaja mbio, akaibandua ile rimoti kwa ncha ya kisu, akatoa kibetri kidogo kama kifungo cha koti. Akakisugua kwenye shati, akakirudisha, hola. Akakitoa tena, akakianika juani juu ya ukuta. Mnacheka nini? Nani humu hajawahi kuanika betri za redio juani ili asikilize mpira? Tumezoea hivyo, na redio zetu ziliamka kweli. Lakini kibetri cha rimoti hakijui habari ya jua. Wakakaa wanakitazama, na huku nyuma yao pumzi za bibi zinazidi kuwa fupi.

Jirani akaona huu ni upuuzi, akakimbia hadi kwenye kibanda cha vifaa vya simu, akarudi na kibetri kipya. Wakaweka. Taa nyekundu ya rimoti ikawaka! Mjane akapiga vigelegele kabisa. Wakalielekezea gari, wakabonyeza wote wawili, vidole juu ya vidole. Gari halikusema kitu.

Ndipo jirani alipokumbuka kwamba rimoti za namna ile zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake. Akauchomoa, akatafuta tundu la mlango, akazungusha. Mlango ukafunguka. Harufu ya marehemu ikawatokea usoni wote wawili. Halafu jirani akaona taa ya ndani haikuwaka. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, wala gari halikukohoa.

"Shemeji, tumeisumbua bure hii rimoti," akasema. "Haina kosa. Betri ya gari lenyewe ndiyo imekufa. Limetembea mara ya mwisho lini?"

Mjane akalishika lile koti. Mara ya mwisho ni ile siku aliyotoka hospitali akiwa peke yake.

"Basi nakimbia kutafuta bajaji," jirani akasema. "Mwingize bibi humu kwenye gari, kuna upepo hapo barazani."

Na mjane akasema, "Hapana. Akae hapo hapo."

Ndugu zangu, hakufikiria. Mdomo ulishazoea. Alisema kama mtu anavyofukuza inzi, na alipolisikia neno lake mwenyewe akashtuka, akageuka kumtazama bibi. Bibi alikuwa amesikia. Akavuta kitenge chake vizuri, akasema polepole, "Mwache, baba. Mimi nimezoea kungoja."

Bajaji ilipatikana. Bibi alifia njiani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mkamwana wake, kabla hawajaona geti la hospitali.

Msikimbilie kufunga Biblia, sijamaliza.

Siku ya kuzika, pale uani hapakutosha. Magari yaliegeshwa mpaka kwa majirani, mengine ya watu ambao bibi hakuwahi hata kuwaona. Na lile gari la marehemu nalo fundi alilifungia betri mpya jana yake, likawaka mara moja, likalia pii-pii vizuri kabisa. Watu wa kamati wakasema litangulie msafara, ndiyo heshima. Mnajua desturi yetu, picha kubwa ya marehemu hukaa mbele. Wakaiweka picha ya bibi kwenye kiti cha mbele, wakaifunga mkanda isianguke. Mjane akalitazama gari lile likitoka getini, limebeba picha ya mtu aliyeomba kukaa ndani yake akiwa hai. Akakaa chini kwenye vumbi akalia, na watu wakasema, jamani, alimpenda sana mama mkwe wake.

Alimpenda, ni kweli. Hapo ndipo panaponiuma mimi.

Tuseme sasa ukweli wetu sisi. Tuna tabia ya kusema kitu kimekataa. Pasi imekataa, kiberiti kimekataa, rimoti imekataa. Kitu hakina moyo wa kukataa, wapendwa. Anayekataa ni mtu. Rimoti ile ilifanya kazi yake kila jioni kwa uaminifu mpaka gari likachoka kuitika bila kutembezwa. Aliyekataa tunamjua, na leo asubuhi wengine tulimwona kwenye kioo tulipokuwa tunachana nywele.

Sisi ndio tunaotafuta bajaji kwa ajili ya mgonjwa, na kwa ajili ya maiti tunapanga msafara. Baba akiomba umpigie simu, huna salio wala nafasi. Akifa, unachapisha sare zenye picha yake. Tunalia kwa ajili ya aliyeondoka, na machozi hayo ni ya kweli, Mungu anayaona. Lakini anamwona na yule aliyekaa barazani, anayesikiliza tunavyolia, mwenye kilio chake ambacho hakuna aliyekiuliza. Mbona upendo wetu tunauegesha? Tunautunza usichakae, tunaupiga honi jioni moja moja tuusikie kwamba bado upo, na siku unapohitajika umbebe mtu hauwaki.

Najua kuna mtu humu ana mzee nyumbani, au mtoto, au mke, aliyemwomba kitu kidogo mwezi huu. Kidogo kweli, cha kukaa naye tu. Unajua ulimjibu nini. Jina lake limekujia sasa hivi, nakuona umeinamisha kichwa.

Kwa hiyo leo baada ya baraka usisimame pale nje kusalimiana na watu. Nenda nyumbani, msogelee mtu wako, mwulize, "Ulikuwa umeniomba nini?" Ukiondoka bila kutuaga, tutaelewa.