Chungu cha Laana Kwenye Mdomo wa Mfereji

Bisha. Wewe uliyesoma mpaka miwani ikakuota puani, bisha upendavyo. Mimi shule niliiaga darasa la tano, na kisa hiki nakijua kukushinda wewe na vitabu vyako. Siku hizi mtu akikosa sukari ya chai anamnunia Mungu! Sikia watu walivyonuna zamani.

Waliotutangulia katika imani wametuachia habari kwamba huko milima ya Upare, Injili ikiwa bado changa, aliishi mja wa Mungu aitwaye Sefania. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na zamu yake ilikuwa kila Alhamisi. Mwaka huo mvua iligoma. Chakula pekee cha watoto wake wanne kilikuwa maharage, nayo yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Alhamisi ya kwanza maji yalimfikia kama mkojo wa mbuzi. Ya pili, hata tone. Akapanda kwa ghadhabu hadi shamba la juu yake, la Nakijwa, mjane ambaye hakuwa amebatizwa. Maharage ya mjane yalikuwa yamestawi.

"Mwizi wewe! Unawaua wanangu!"

"Baba Elieza, mimi namwagilia siku yangu. Mfereji wako umeutazama?"

"Nimekutazama uso. Unatosha."

Nyumbani akapiga magoti, lakini sala yake ilikuwa ugomvi mtupu. "Bwana, hirizi nilitupa, matambiko niliacha. Ujira wangu ndio huu? Umelala?"

Akainuka bila kusema amina.

Basi ilikuwapo desturi: aliyeibiwa maji huvunja chungu kwenye mdomo wa mfereji, akimlaani mwizi bila kumtaja jina, na laana humtafuta yenyewe mwenye kosa. Sefania aliikana desturi hiyo siku ya ubatizo, mbele ya kijiji kizima. Alhamisi ya tatu akabeba chungu cheusi cha marehemu mama yake, akapanda. Watu wakamfuata, Nakijwa akiwamo.

"Aliyeyazuia maji yangu," akanguruma, chungu kikiwa juu ya kichwa, "nyumba yake na ipasuke, watoto wake..."

Hapo akalikumbuka Neno, kwamba kisasi ni cha Bwana. Akakishusha chungu.

"Haya, nimekutii!" akamwambia Mungu. "Sasa nionyeshe!"

Akaanza kuteremka akiufuata mfereji hatua kwa hatua. Maji yalilipita shamba la Nakijwa yakiwa tele. Yakaingia katika kipande cha mfereji cha Sefania mwenyewe. Hatua ishirini mbele, chini ya majani ya magimbi, fuko alikuwa ametoboa ukingo, na maji yote yalikuwa yakiporomokea korongoni.

Kila mtu hukarabati kipande chake siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Mwaka huo Sefania hakutokea. Alituma salamu kwamba yuko katika maombi.

Aliyeyazuia maji, basi, ni yeye. Watoto aliotaka kuwalaani ni wale wanne wake.

Akaanguka magotini matopeni, akamwomba Nakijwa msamaha na Mola wake rehema. Mjane akamtupia jembe.

"Omba huku unaziba, Baba Elieza. Maji hayangoji amina."

Nusu ya maharage ilipona, na watoto wakala. Nawe unayemfokea Mwenyezi Mungu kila asubuhi kana kwamba ni kibarua wako, kakague kipande chako cha mfereji kwanza. Kumfuata Mungu ni pamoja na kushika jembe.

Nini? Mbona unanikodolea macho? Haya, kuna mahali nimekupiga chenga. Sefania ndiye aliyemzaa babu yangu, nami hupenda kumsifu. Ukweli ni kwamba hakukumbuka Neno lolote. Chungu kilikuwa kimeshamtoka mikononi. Aliyekidaka ni Nakijwa, akakikumbatia kifuani, akasema, "Si ulituambia Mungu wako amekukataza?"

Hivyo ndivyo Bwana alivyomjibu siku ile, kwa kinywa cha mwanamke aliyemwita mwizi.